Baba Yangu, Nyapara wa Gengi wa Reli ya Kati

Wasifu wa marehemu unaosomwa msibani huwa hauvuki ukurasa mmoja, na wa Baba, tuliouandika Novemba 2024, ulitosha katika ukurasa huo bila kubanana. Alizaliwa mwaka 1948 mkoani Kigoma, akasoma hadi darasa la nne, akaajiriwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki mwaka 1969, akaendelea na Shirika la Reli Tanzania baada ya mwaka 1977, akastaafu mwaka 2003 akiwa nyapara wa gengi, akaacha mjane, watoto watano na wajukuu. Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini wazee waliosafiri kutoka Itigi na Manyoni kuja kumzika, walipoombwa waseme machache, walisema mengi, na karibu yote waliyoyasema hayakuwamo katika wasifu ule. Mimi ni binti yake wa pili, na nimeona ni wajibu wangu kuyaandika yale yaliyobaki nje, pamoja na yale niliyojifunza kwa kuishi na mtu wa aina yake.

Watu wengi wakisikia kwamba mtu alikuwa mfanyakazi wa reli humfikiria dereva, au gadi, au stesheni masta aliyesimama jukwaani na bendera yake. Baba hakuwa mmoja wa hao. Alikuwa mtu wa njia, yaani mmoja wa wale wanaoitunza reli yenyewe ili wengine wapate pa kupita. Reli ya Kati, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ina urefu wa takribani kilometa 1,250. Ni njia yenye upana wa meta moja kati ya reli na reli, na kwa miaka mingi ilitunzwa zaidi kwa mikono ya watu. Iligawanywa vipande, kila kipande kikakabidhiwa gengi la wanaume wachache wenye sululu, mabeleshi, jeki na spana, na kila gengi likawa na nyapara wa kujibu kwa lolote litakalotokea pale. Kwa sehemu kubwa ya utumishi wake kipande cha Baba kilikuwa katika nyanda kavu za upande wa Itigi, baada ya treni kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Bahi kwenda Saranda na kuipita Manyoni. Ni nchi ya vichaka vizito, jua kali na maji ya shida, na nyumba za gengi zilikuwa kando ya reli, mbali na kijiji.

Shule zikifungwa niliruhusiwa mara mojamoja kumfuata kwenye ukaguzi wa alfajiri. Alitembea katikati ya njia, kutoka taruma hadi taruma, yaani zile nguzo zinazolazwa chini ya reli kuzishikilia, kichwa ameinamisha, nyundo yenye mpini mrefu mkononi. Mataruma ya pale yalikuwa ya chuma, na kila alipoligonga moja alisikiliza kwanza kabla ya kwenda mbele. Sauti nzito ilimwambia kwamba kokoto zimelishika vizuri, na sauti nyepesi ilimwambia kwamba chini yake pana uwazi, kwamba kila behewa linalopita hapo linaikandamiza reli na kuiachia. Kwenye maungio alipiga goti, akajaribu nati mojamoja kwa spana, kisha akapitisha kidole katika mwanya ulioachwa kati ya ncha mbili za reli. Mwisho alilala kifudifudi, shavu karibu na chuma, jicho moja amelifumba, akaitazama reli hadi pale inapopotelea.

"Njoo uone," aliniambia siku moja. Nililala kama alivyolala yeye, na hapo nikaona kitu ambacho nikiwa nimesimama sikukiona kabisa: mstari nilioudhani umenyooka ulikuwa umezama kidogo mahali pamoja, labda kwa unene wa kidole. "Hapo," akasema, "kesho." Akatoa daftari mfukoni, akaandika namba ya kilometa na neno moja.

Nilimuuliza kwa nini kesho na si sasa, maana vijana wa gengi walikuwa nyuma yetu na zana zao. Akanishika mkono akauweka juu ya reli. Ilikuwa bado mapema, lakini chuma kilikuwa kimeanza kupata moto. Akanieleza kwamba reli ikipata joto hurefuka, ule mwanya wa kwenye maungio hujifunga, na reli ikikosa pa kwenda hutafuta njia ya pembeni. Kokoto ndizo zinazoishikilia isikimbie, kwa hiyo anayezichimbua kokoto saa sita mchana wa mwezi wa kumi anaweza kuiona njia ikipinda mbele ya macho yake. Kazi ya kuinua reli na kushindilia kokoto ilitakiwa ifanywe asubuhi na mapema, kungali na ubaridi. Saa za joto zilikuwa za kufyeka majani, kuzibua mifereji, kukaza nati na kutia grisi. Kwa hiyo alijua sio tu kazi gani inahitajika, bali pia saa gani kazi hiyo ikifanywa italeta hasara, na mimi, ambaye leo ninafanya kazi ya ofisini isiyohusiana na chuma hata kidogo, naliona somo hilo kuwa kubwa kuliko mengi niliyofundishwa darasani. Nimewaona watu wenye nia njema wakiharibu mambo kwa sababu waliyashughulikia wakati yamepamba moto.

Jambo moja kuhusu kazi ya njia lilinichukua muda mrefu kulielewa. Dereva akifikisha treni, abiria wanamwona na wengine wanamshukuru. Nyapara wa gengi akifanya kazi yake vizuri, hakuna kinachotokea. Treni inapita, basi. Mwaka mzima wa kutembea, kugonga, kukaza na kushindilia unazaa matokeo ambayo hakuna wa kuyaona, kwa kuwa ajali iliyozuiwa haina shahidi. Mtu anayehitaji kusifiwa ili aendelee hawezi kudumu katika kazi ya namna hiyo, na Baba alidumu kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mzee mmoja kati ya wale waliokuja msibani alikuwa kijana wa gengi lake mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ndiye aliyetusimulia habari ya usiku wa mvua za kwanza za Desemba. Baba alikuwa amelala, akaamka kwa sababu mlio wa maji kwenye mfereji haukumridhisha. Akamwamsha kijana huyo, wakatoka na taa mbili za mkono na mfuko wa fataki, zile zinazofungwa juu ya reli ili zilipuke gurudumu linapozikanyaga na kumwonya dereva kwamba mbele kuna hatari. Walipofika kwenye kalavati wakakuta maji yamekula tuta lote la upande mmoja, reli zikining'inia pamoja na mataruma yake, chini yake mto unapita. Treni ya abiria kutoka Tabora ilikuwa njiani. Baba akamtuma kijana upande wa Manyoni, yeye mwenyewe akakimbia gizani kuelekea Itigi, akazifunga fataki mahali alipoona pana umbali wa kutosha wa treni kusimama, kisha akasonga mbele zaidi na kuendelea kuipunga taa nyekundu hadi mwanga wa treni ulipotokea. Ilisimama. Magengi ya jirani yaliitwa, wakajaza mawe na magunia ya mchanga kutwa nzima, treni ikavushwa polepole. Mzee alisema kwamba katika saa hizo za kusubiri abiria walishuka wakinung'unika, na mmoja wao alimfuata Baba kumwambia kwamba watu wa reli ni wavivu. Baba alimwomba radhi kwa kucheleweshwa, akarudi kwenye beleshi lake.

Mama alipoisikia habari hiyo pale msibani alinyamaza, halafu akatuambia kwamba anaikumbuka siku ile. Mumewe alirudi nyumbani akiwa tope mwili mzima, akaomba maji ya kuoga, akasema, "Mama Neema, maji yalikula tuta. Tumelijaza." Kwa miaka arobaini hiyo ndiyo habari yote iliyoingia nyumbani kwetu.

Reli ilikuwa imeingia katika ukoo wetu kabla yake. Wajerumani waliianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na babu alizaliwa si miaka mingi kabla ya hapo. Alipopata nguvu za ujana alikwenda kuwa kibarua kwenye tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928 chini ya Waingereza, na inasemekana alirudi nyumbani na blanketi, sufuria na maumivu ya bega ambayo hayakumwacha tena. Kwa hiyo Baba alipoomba kazi ya reli mwaka 1969, babu hakufurahi. Alimpa sharti moja, kwamba asibebe kitu peke yake ambacho kinahitaji watu wawili. Baba aliitii amri hiyo kazini na alituamrisha sisi vilevile, iwe ni kubeba kabati, iwe ni kumuuguza mgonjwa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, shirika lililokuwa moja kwa nchi tatu, makao makuu yake yakiwa Nairobi, liligawanyika, na kila nchi ikabaki na reli yake. Watoto tulikuwa wadogo, nasi tulilijua jambo hilo kupitia kwa mtu mmoja tu: fundi kutoka Kisumu aliyekuwa rafiki mkubwa wa Baba, ambaye alifunga mizigo yake akarudi kwao. Alimwachia Baba spana ndefu ya kukazia nati za maungio, yenye mpini uliong'aa kwa kushikwa. Nilipomuuliza Baba, miaka mingi baadaye, alijisikiaje mwajiri wake alipotoweka hivyo, alinijibu kwamba asubuhi iliyofuata aliamka akaenda kwenye njia, kwa kuwa treni ilikuwa inakuja na nati hazikuwa zimesikia habari za kuvunjika kwa Jumuiya. Hakuwa akidharau yaliyotokea. Rafiki yake alikuwa ameondoka, na barua walizoandikiana tumezikuta zimehifadhiwa. Alikuwa tu mtu aliyejua ni kitu gani kiko mikononi mwake.

Kuwa baba kutoka mahali kama pale hakukuwa rahisi. Karibu na gengi hapakuwa na shule ya maana, kwa hiyo tulipofika umri wa kusoma tulipelekwa mmoja baada ya mwingine Tabora kwa shangazi, huku Mama akigawa mwaka wake kati ya kule na huku. Baba alikuja kila alipopata ruhusa, mara nyingine kwa treni ya mizigo, na sisi tulimjua kwa hatua zake uani kabla hajabisha hodi. Tukishamwamkia shikamoo, naye akishaitikia, aliomba maji ya kunywa, kisha akaomba madaftari. Elimu yake haikumruhusu kufuata hesabu za sekondari wala Kiingereza, na hakujifanya anajua. Alichokuwa akikagua ni kurasa. Alifungua ukurasa mmojammoja, na alipokuta ulioachwa mtupu katikati ya daftari, au kazi iliyoanzwa na kuachwa njiani, aliweka kidole hapo akauliza, "Siku hii kulikuwa na nini?" Hakuuliza kwa ukali. Lakini ulilazimika kukumbuka siku hiyo ilikuwa na nini, na mara nyingi palikuwa na jambo: homa, ugomvi na rafiki, mwalimu aliyekuaibisha mbele ya wenzako. Kwa kupitia kurasa tupu alizijua habari zetu ambazo maksi za mwisho wa muhula zisingemwambia. Dada yangu Neema aliacha shule kwa wiki kadhaa akiwa darasa la sita bila shangazi kujua, na Baba aligundua kwa njia hiyohiyo. Jambo lililokuwa likimkimbiza shule likajulikana, likasemwa kwa watu wazima waliopaswa kulisikia, na Neema leo ni mwalimu.

Fedha aliihesabu mbele yetu. Siku chache baada ya mshahara, ikiwa tumekutana wote, yeye na Mama walikaa kitandani wakaigawa: ya chakula, ya ada, ya wazazi wa pande zote mbili, na ya matofali. Fungu la matofali lilikuwa dogo kila mara, na kuna miezi halikuwapo kabisa, lakini lilikuwa na jina lake na halikuazimwa na mafungu mengine. Kiwanja alikuwa amekipata Tabora akiwa bado kijana. Kila likizo aliongeza kitu: msingi, kuta, milango miwili, mwaka mwingine bati chache. Tulikuwa tukiona aibu kidogo, nakumbuka, kwa nyumba ambayo haikwisha miaka nenda miaka rudi huku majirani wakimaliza zao. Iliisha kabla hajastaafu, naye akahamia kwenye nyumba isiyo na deni. Mafao yake yalipochelewa, kama ambavyo wastaafu wengi wamechelewa kulipwa, tulikuwa na pa kulala na Mama alikuwa na kuku wake na shamba lake la karanga. Ninapowaona vijana wa ofisini kwetu wakipanga maisha yao yote juu ya fedha itakayokuja siku ya mwisho wa kazi, huwa ninawasimulia habari za nyumba hiyo bila kusubiri waniulize.

Mwaka mmoja kabla ya kustaafu kwake, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilishindwa mlima mkoani Dodoma, ikarudi kinyumenyume bila breki za kuizuia, ikagongana na treni ya mizigo huko Igandu, na watu 281 wakapoteza maisha. Nilikuwa nimekwenda kuwasalimu wazazi wakati huo. Baba alisikiliza redio akiwa amesimama hadi taarifa ilipokwisha. Kesho yake aliliita gengi lote, wakaikagua sehemu yao mwanzo hadi mwisho, nati kwa nati, kama vile walikuwa wamekabidhiwa siku ile. Jioni nilimwambia, kwa nia ya kumfariji, kwamba ajali ile haikutokana na njia. "Breki si kazi yangu," alinijibu, "lakini waliopanda treni leo wanapita kwangu." Nafikiri hiyo ndiyo mara pekee nilipomsikia akiwataja abiria. Katika miaka yote niliyomwona akiwatunzia njia watu asiowajua, sikuwahi kumsikia akisema kwamba anafanya hivyo kwa ajili yao.

Kustaafu kulimsumbua kuliko tulivyotarajia. Miezi ya kwanza aliamka saa kumi na moja, akavaa, akakaa kwenye kiti cha ukumbini akingoja kupambazuke, na kukishapambazuka hakuwa na pa kwenda. Alishuka stesheni ya Tabora akatazama treni ikiingia, akarudi nyumbani amenyamaza. Sisi watoto tulijadiliana tumfungulie duka. Mama alikataa, alisema mtu huyu hajawahi kukaa nyuma ya meza, mkimweka hapo mtamuua. Jibu lilipatikana kabla ya mvua za mwaka huo, Baba alipotembea mtaani akaona mifereji yote imeziba kwa taka na mchanga. Alianza na ule uliopita mbele ya nyumba yake, peke yake, kwa beleshi. Siku ya pili akaja jirani. Baadaye ikawa desturi ya mtaa kwamba mwezi wa kumi na moja Mzee Reli, ndivyo walivyomwita, anapita nyumba kwa nyumba na daftari lake, na watu wanatoka. Kuna mabonde ya mji ambako maji yaliingia majumbani mwaka ule na miaka iliyofuata, na mtaa wetu haukuwa mmojawapo. Nimeelewa kutokana na hilo kwamba mtu akistaafu anachohitaji si kazi yoyote ya kumpotezea muda, bali mahali pengine pa kutumia jicho alilolinoa maisha yake yote, na kwamba mkewe anaweza kulijua jambo hilo vizuri kuliko wanawe wote wenye shahada.

Kuna jambo ningependa kuwaambia wenye wazazi walio hai. Kwa muda mrefu tulikuwa tukimwomba Baba atusimulie maisha yake, naye alijibu kwamba alifanya kazi, akaoa, akatupata sisi. Swali pana humletea mzee jibu pana. Nilipoanza kumrekodi kwa simu, nilibadilisha namna ya kuuliza: siku ya kwanza kazini ulikabidhiwa chombo gani? Nani alikufundisha kukishika? Kutoka Manyoni kwenda Tabora, niambie kila stesheni na kilichokuwa kikiuzwa dirishani. Hapo alifunguka. Stesheni moja ilimkumbusha nyingine, kuku wa Saranda wakamkumbusha abiria aliyeachwa na treni akinunua, asali ya Tabora ikamkumbusha nyuki waliolivamia gengi wakakimbilia kwenye kalavati. Kuhusu chumvi ya Uvinza alizungumza karibu saa nzima, kwa kuwa huko ndiko alikomwona Mama kwa mara ya kwanza. Mama, aliyekuwa akipepeta mchele kando yetu, alimsahihisha kwamba yeye ndiye aliyemwona kwanza.

Afya yake ilianza kuyumba miaka mitatu ya mwisho. Mgongo ulikuwa umechoka kwa jeki na mataruma, magoti vilevile, na shinikizo la damu likaongezeka. Alikuwa hodari wa kutambua ufa kwenye chuma na mgumu wa kukiri maumivu yake mwenyewe, na kwa hilo alifanana na wenzake wengi wa njia ninaowajua. Tulichofanya ni kumfungulia daftari. Mama aliandika vipimo vya kila asubuhi, na Baba, ambaye asingekubali kuulizwa anajisikiaje, alikubali bila ubishi kwamba namba zikaguliwe.

Mwezi Septemba 2024 alikuja Dar es Salaam kutibiwa macho, na wakati wa kurudi nilimpandisha treni mpya ya umeme hadi Dodoma, ambayo ilikuwa imeanza safari hizo mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Njia yake ina upana wa milimeta 1,435, na treni hukimbia hadi kilometa 160 kwa saa. Nilidhani atashangazwa na mwendo. Tulipotoka mjini aliinamisha kichwa, akasikiliza, akaniuliza, "Maungio yako wapi?" Nilimweleza nilivyoelewa, kwamba reli hizi zimechomelewa zikawa kipande kirefu kisicho na mianya ile ya zamani. Alitikisa kichwa taratibu. Hesabu aliyoipiga ilionekana usoni: nati zote zile, mamia kwa kila kilometa, hakuna tena wa kupiga goti mbele yake. Halafu akamwita mhudumu, binti aliyemwamkia kwa heshima zote, akamuuliza, "Mwanangu, njia hii nani anaikagua asubuhi?" Binti alimjibu kwamba wapo mafundi na mitambo ya kufanya hivyo. "Mitambo ni mizuri," akasema Baba. "Waambie wasisahau mifereji. Kule Kilosa maji hayana adabu." Nyanda zile za kati ya Kilosa na Gulwe, ambako reli ya zamani hufuata bonde la mto na ambako mafuriko yameing'oa mara nyingi, alizijua kwa sababu magengi ya mbali yalipelekwa huko kusaidia. Tulipoingia kwenye mahandaki ya Kilosa alikuwa bado akinieleza namna ya kujenga ukuta wa mawe usiobebwa na maji, akichora kwa kidole juu ya goti langu.

Alifariki wiki chache baadaye, nyumbani, baada ya kuugua kwa muda mfupi, Mama akiwa naye.

Kwenye arobaini tuligawana vitu vyake, navyo havikuwa vingi. Spana ya fundi wa Kisumu alipewa kaka yangu mkubwa, redio akapewa jirani aliyekuwa wa kwanza kutoka na beleshi siku ile ya mfereji, na kofia ya kazini tukamzawadia yule mzee aliyetusimulia habari za kalavati. Madaftari yapo kwa Mama, ya kazini na ya nyumbani yakiwa pamoja, kwa kuwa Baba hakuyatenganisha. Ukurasa mmoja una namba ya kilometa na neno "kokoto", unaofuata una tarehe ya kulipa ada ya mdogo wetu na kasoro ya bawaba ya mlango wa uani. Hatukumwomba Mama aendelee nayo. Ameendelea mwenyewe, kwa mwandiko wake mkubwa, na kila mwanzo wa mwezi anatupigia simu kwa zamu, akitusomea yanayomhusu kila mmoja. Mwezi uliopita kaka alisomewa habari za bati la jikoni lililoanza kuachia msumari upande wa upepo. Alikwenda Jumamosi, mapema, kabla ya bati kupata moto, akalipigilia, na Mama akaweka alama kwenye mstari huo akamwambia aangalie na mfereji kabla hajaondoka.